Chumba Ndani ya Shavu la Pengo

Asubuhi hiyo Mama Pengo alitoka nyumbani kwenda kuchukua ushahidi kwamba mwanawe yu hai.

Alikuwa ameufikiria ushahidi huo tangu alfajiri, akiwa bado kitandani, na kila alipoufikiria alitabasamu peke yake kama mtu aliyemfichia mwenzake zawadi. Alioga, akavaa gauni lake la kijani la kutokea, akajifunga kitambaa kichwani, akaifunika cherehani yake shuka ili vumbi lisiingie. Alipofungua mlango wa uani alimkuta mkwe wake ameinama juu ya beseni, anafua.

"Unatoka, mama?"

"Natoka."

"Nikusindikize? Jua la leo litakuwa kali."

"Unisindikize wapi? Huko ninakokwenda ndiko utakakoumbuliwa. Baki na povu lako."

Mkwe aliikamua nguo iliyokuwa mkononi mpaka ikaacha kudondosha maji, na bado akaendelea kuikamua.

Sasa, ili uelewe kwa nini mtu mzima aseme maneno kama hayo kwa mke wa mwanawe, kwanza umjue Pengo mwenyewe.

Pengo hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa fundi rangi, kijana mrefu wa mikono, mcheshi mpaka kwenye msiba watu walimwomba akae mbali kidogo. Siku moja alikuwa anapaka dari ya mama yake. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini mama yake alisimama chini, mikono kiunoni, anakagua kama anavyokagua pindo la sketi.

"Na ile kona, baba? Umeiacha ile kona."

"Kona ipi, mama? Ile haionekani."

"Mimi naiona."

Basi Pengo akajinyoosha kuifuata kona. Ngazi ikateleza, naye akashuka na shavu lake la kulia likagonga ukingo wa meza ya cherehani. Meno matatu ya juu, yale ya nyuma ya kutafunia, yakaenda na maji. Alikaa sakafuni na damu mdomoni, akamtazama mama yake aliyekuwa anapiga mayowe, akamuuliza, "Mama, kona imekubali sasa?"

Majirani ndio waliompa jina, naye akalipokea kwa mikono miwili. Aliliandika kwenye ndoo yake kwa rangi nyekundu. Yeye alicheka, dunia ikacheka, ila mtu mmoja hakucheka. Kila Pengo alipokaa mezani akatafuna upande mmoja, mama yake aliweka kijiko chini. Chakula kilimkwama. Aliiona ile kona, akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema mimi naiona. Miaka ikapita, na mama akakonda kwa meno ambayo si yake.

Kisha mteja mmoja aliyeleta pazia akamwambia habari za kliniki ya meno ya mtaa wa pili baada ya soko, kwamba siku hizi wanapanda meno mapya kwa skrubu ndani ya mfupa, na meno hayo hayatoki hata ukila mahindi makavu. Mama Pengo hakumpa mwanawe raha tangu siku ile. Asubuhi skrubu, jioni skrubu. Pengo akaenda. Aliporudi akasema wamempiga picha, wamemwambia angoje. Baada ya wiki kadhaa akasimama mlangoni kwa mama yake, mdomo kaufumba, macho yanacheza.

"Kitendawili, mama."

"Tega."

"Ng'ombe wangu weupe watatu walipotea porini, leo wamerudi zizini wenyewe."

Akafungua mdomo. Zizi limejaa! Mama yake alipiga kigelegele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Akamshika mwanawe kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akayagonga kwa ukucha.

"Hayatoki?"

"Mama, hizo ni skrubu. Labda uje na bisibisi."

Siku hiyo Mama Pengo alikula sahani mbili. Na toka siku hiyo kila aliyekuja kupima nguo alihadithiwa meno kabla ya kupimwa kiuno.

Haukupita muda Pengo akapata kazi ya kupaka rangi matangi ya mafuta, safari ya mbali. Lori lililowachukua mafundi lilifika mtoni mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Dereva akaona daraja, hakuona kwamba maji yameshalipita. Wengine waliogelea wakatoka, wengine waliokotwa, wengine hawakuonekana kabisa. Pengo alikuwa miongoni mwa wasioonekana.

Maji yalipokauka, wachimba mchanga wakaifukua mifupa ya mtu mmoja kwenye kingo za mto. Familia ikaitwa hospitali kuu. Daktari wa mifupa ya marehemu, mwanamume mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, akauliza kama mtu wao alikuwa na alama yoyote.

"Alikuwa na pengo," akasema mkwe, sauti chini. "Juu, kulia. Meno matatu."

"Mapengo wanayo wengi," akasema daktari. "Na huyu tuliye naye anayo."

"Pengo lilikuwepo zamani!" akadakia mama yake. "Sasa hapo kuna skrubu. Maji yanaozesha nyama, chuma hayaozeshi. Nenda kaangalie, daktari, kama kuna skrubu."

Daktari akaenda, akarudi. Hakuna skrubu, wala tundu la skrubu.

"Basi si wangu!" Mama Pengo akasimama na kupiga makofi pale pale. "Poleni wenye mtu wenu. Wangu kapotea, hajafa, na aliyepotea hurudi." Walipotaka kumchukua mate wayapime na ule mfupa, aliufumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Mate yake ni ya mwanawe, akasema, hayapotezi kwa mifupa ya watu.

Walipofika nje, mkwe akamshika mkono. "Mama, nisikilize. Yale meno hayakuwa ya skrubu. Yalikuwa ya kuvua. Usiku alikuwa akiyatia kwenye kikombe cha maji, dirishani. Aliniambia nisikwambie."

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Mama Pengo alimtazama mke wa mwanawe juu mpaka chini, akasema, "Wewe unataka kumzika mume hai ili uolewe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo walikaa uani kama sufuria mbili kwenye jiko moja, hazigusani bila kelele. Mkwe hakuondoka. Alimfulia, alimpikia, alimwamkia asubuhi, na mama aliitikia huku akitazama pembeni. Hospitali nayo ikasema haiwezi kuipa mifupa nyumba yenye ndimi mbili, mama anasema hivi na mke anasema vile. Mkubaliane kwanza. Hawakukubaliana. Na mwenye mifupa akabaki rafuni.

Hata juzi shemeji wa Mama Pengo, mdogo wa marehemu mumewe, akaja akaketi kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Shemeji, hii nyumba imekaa vibaya. Huyu binti si mke, si mjane. Hana mbele wala nyuma. Turuhusu tumzike mtu."

"Mzike unayemjua. Mwanangu ana skrubu mdomoni, na yule wa hospitali hana."

"Nani anashuhudia hizo skrubu, zaidi yako?"

Hapo Mama Pengo akakumbuka ile picha. Walimpiga picha! Kliniki wanayo. Mtu hapigwi picha ya kichwa halafu ikatupwa.

"Nitakuletea picha," akasema. "Uzione kwa macho yako."

"Ukiileta, shemeji, sitafungua mdomo tena juu ya habari hii. Usipoileta, Ijumaa tunaweka msiba."

Ndiyo maana gauni la kijani.

Kliniki ilinuka karafuu na dawa ya kusafishia sakafu. Wagonjwa walikaa ukutani kila mmoja na shavu lake mkononi. Mama Pengo alipita moja kwa moja mpaka kwenye mlango uliochorwa alama ya mionzi, akabisha, na mwanamke mnene kidogo, mwenye aproni nzito begani, akachungulia.

"Karibu, mama. Wewe ndiye wa taya la chini?"

"Mimi wa mwanangu. Mlimpiga picha hapa. Fundi rangi, mrefu, wanamwita Pengo."

Uso wa dada wa picha ukafunguka. "Pengo! Yule si ndiye aliyeniharibia picha? Pita, mama yangu, pita ukae." Akamvutia kiti. "Yule kijana wako nitamkumbuka mpaka nistaafu. Hii mashine unaiona? Mtu anasimama hapa, kidevu anakiweka hapa, anauma hiki kijiti, halafu inamzunguka kichwa. Namwambia, ulimi gandisha juu, usimeze mate, usitikisike hata kidogo, maana ukitikisika mifupa inatoka kama imechorwa na mlevi. Akasema sawa dada. Mashine kuanza tu, nasikia kwi, kwi, kwi. Anacheka! Nikamuuliza nini. Ati inanizunguka kama paka anayemzunguka samaki. Nikamrudia, akacheka tena. Mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kubonyeza kwa kucheka."

Mama Pengo alicheka, machozi yakamtoka, na moyo wake ukapanuka kifuani. Hivi ndivyo mtu aliye hai anavyosimuliwa, aliwaza. Hakuna marehemu anayesimuliwa hivi.

"Hajambo lakini?" akauliza dada wa picha. "Tulimngoja sana."

"Mlimngoja wa nini?"

"Operesheni, mama. Hakurudi."

"Operesheni si mlishafanya?" Mama Pengo bado alikuwa na kicheko mdomoni. "Mimi nimefuata picha ya zile skrubu."

Dada wa picha akamtazama, akageukia kompyuta yake, akaandika, akasubiri. Kichwa cha Pengo kikatokea kwenye kioo. Kilikuwa cheusi na cheupe, hakina ngozi, na mama yake alikitambua kwa jinsi kilivyoinama kidogo kushoto, kama mtu anayesikiliza utani wa jirani.

"Skrubu hakuwekewa, mama," akasema dada wa picha taratibu. "Hii picha ndiyo hupigwa kabla. Tazama hapa. Ndani ya shavu la kila mtu, juu ya meno ya nyuma, kuna chumba."

"Chumba?"

"Chumba cha hewa, ndani ya mfupa. Hata wewe unacho, na mimi ninacho. Wataalamu wanakiita sainasi. Meno ya juu mizizi yake iko chini ya sakafu ya chumba hicho. Sasa meno yakitoka na pengo likikaa miaka, chumba kinashuka. Kinakula mfupa kidogo kidogo. Ona cha kushoto, sakafu yake nene. Ona hiki cha kulia." Akaweka ncha ya kalamu kwenye kioo. "Ganda la yai. Ukikaza skrubu hapo inatokezea chumbani, na jino halisimami. Ndiyo maana hatupandi jino la juu bila picha hii. Daktari akamwambia lazima kwanza wainyanyue sakafu, waongeze mfupa, angoje miezi ishike, ndipo skrubu. Baadaye akapita akasema atarudi akitoka safari."

"Meno yalikuwepo," akasema Mama Pengo. "Niliyagonga kwa ukucha wangu huu."

"Ya kuvua, mama. Tulimtengenezea ayatumie kwa muda. Alimsumbua fundi, alitaka yafanane kabisa na yake." Dada wa picha akatabasamu, hajui anachokifanya. "Akasema kuna mtu mmoja nyumbani, akiyaona tu ndipo atakapokula chakula chake vizuri."

Kitendawili kingine hukitegui wewe. Kinajitegua chenyewe na kukuacha umekaa. Mama Pengo alikaa. Alitazama lile shavu la kulia kwenye kioo, na ndani yake kile chumba cheusi. Kumbe mwanawe alijenga mlangoni kwake uongo wa meno matatu, akausimamisha pale, akaupiga msasa na kuupaka rangi, ili mama ale. Na mama alikula. Alikula sahani mbili.

"Dada yangu," akasema, "yuko mtu hospitali kuu, mifupa. Nimemkataa kwa sababu hana skrubu."

Aproni ikamteleza dada wa picha begani. Hakuiokota. Alitoka mbio, akarudi na daktari wa meno, mzee wa sauti ndogo, aliyekuja na glavu bado mkononi. Alisimuliwa, akatikisa kichwa, akavuta kiti akakaa karibu na mama, magoti yakikaribia kugusana.

"Mama, sitakuficha. Ndani ya chumba hiki cha mwanao kuna kiukuta." Akaonyesha mstari mweupe, mwembamba, uliosimama mshazari katikati ya ule weusi. "Watu wengi hawana. Na walio nacho, kila mmoja ana chake, urefu wake, mahali pake, mwinamo wake. Na hapa chini kimebaki kipande kidogo cha mzizi wa jino. Hospitali wakimpiga yule mtu picha ya namna hii hii, watajua kama ni yeye au si yeye."

"Na nisipowapelekea?"

Daktari alivua glavu, kidole kimoja kimoja. "Picha ni ya mwanao, mama. Wewe ndiye mzazi wake. Nitakuchapishia, uende nayo utakako."

Akatoka kliniki na bahasha kubwa ya khaki mikononi. Nje watu walikuwa wanauza na kununua. Mwanamume mmoja alimwita mwenzake mjinga kwa upendo. Kwenye kona ya ukuta palikuwa na pipa la taka, kifuniko wazi, ganda la ndizi juu, na Mama Pengo akasimama mbele yake.

Nani angejua? Angerudi nyumbani angesema wameipoteza, kliniki za siku hizi hazina utaratibu. Shemeji angeguna. Mkwe angenyamaza, kama kawaida yake. Na Pengo angebaki amepotea, na aliyepotea hurudi. Angeendelea kumsikia mlangoni jioni. Angeendelea kumtengea kiti. Ilikuwa kazi ya mkono tu, kuunyoosha na kuachia.

Mkono aliunyoosha. Lakini masikioni ilikuwa bado ile kwi, kwi, kwi. Mtu aliyeshindwa kutulia hata mashine imalize kuzunguka, mtu aliyetimuliwa misibani kwa kuchekesha watu, huyo huyo amekaa rafuni kimya, miongoni mwa wageni, tangu mto ulipokauka. Nani aliyemweka? Si mto. Mto ulimtoa. Aliyemweka ni mama yake, kwa makofi, na kwa kuufumba mdomo mate yasitoke. Kila siku aliyosema yu hai, ndiyo siku iliyomwongezea mwanawe kukaa rafuni.

Akairudisha bahasha kifuani, akaikumbatia, akashika njia ya hospitali.

Yule daktari wa miwani alimkumbuka. "Mama wa skrubu," akasema, akasimama.

"Hakukuwa na skrubu," akasema Mama Pengo. "Mpige picha kama hii. Nitangoja."

Walimkatalia kuingia, kisha wakamruhusu, kwa sababu alikaa chini mlangoni na hakuna aliyethubutu kumruka. Wakamsimamisha nyuma ya kioo. Mhudumu akaja na sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, akakifunua, akakiweka kichwa kwenye kiti cha sponji ndani ya mashine, akakigeuza kidogo, akakishika kidevu kwa vidole viwili ili kinyooke. Alifanya kwa adabu. Mama Pengo hakutazama pembeni. Alijilazimisha macho. Kilikuwa kidogo kuliko alivyotazamia, rangi ya mchanga, na upande wa kulia juu palikuwa pamelainika, hapana meno.

Mashine ikaanza kuzunguka.

Alijikuta anasikiliza. Alisikiliza kwa mwili mzima, nywele zikamsimama chini ya kitambaa. Cheka, baba, alisema moyoni. Haribu picha. Cheka mara moja tu, mimi nikurudishe nyumbani.

Mashine ikazunguka mpaka mwisho, ikasimama.

"Safi," akasema mhudumu kwa mazoea. "Imetoka mara moja." Kisha akamwona mama nyuma ya kioo, akainamisha kichwa.

Daktari aliichapisha, akaiweka ubavu kwa ubavu na ile ya kliniki kwenye ubao wa taa. Akashusha miwani yake machoni, akainua kalamu aanze kueleza.

"Ngoja," akasema Mama Pengo. "Usinieleze."

Alizitoa zote mbili kwenye ubao. Akaiweka ya hospitali juu ya ile ya kliniki, kama anavyoweka kielelezo cha karatasi juu ya kitambaa kabla ya kukata, akazipeleka dirishani penye jua. Zilipishana kidogo. Vidole vyake, vilivyoshona sare za nusu ya watoto wa mtaa, vikaisogeza ya juu, kidogo, kidogo tena. Aliomba zikatae. Alizitafutia mahali pa kukataa. Kingo za shavu zikakutana. Sakafu nyembamba ikalala juu ya sakafu nyembamba. Kile kipande cha mzizi kikaingia mahali pake, na kiukuta cha mshazari kikasimama juu ya kiukuta mpaka ukabaki mstari mmoja.

Mshonaji anajua vipande viwili vilivyokatwa kwenye jora moja. Hahitaji kuambiwa.

"Ni wangu," akasema.

Daktari alivua miwani kabisa. "Pole, mama."

"Nipe simu. Yangu haina chaji."

Iliita mara chache tu, kisha ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mkwe alisikia kuku wa jirani.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mwanangu," akasema Mama Pengo.

Mkwe alikuwa hajaitwa neno hilo uani kwao tangu siku ile ya hospitali, na alilielewa lote, mwanzo mpaka mwisho. Pumzi yake ilisikika ikikatika.

"Uko wapi, mama?"

"Kwake."

Upande wa pili kuku wa jirani wakasikika tena.

"Yalikuwa ya kuvua," akasema Mama Pengo. "Ulisema kweli. Mimi nikakutukana tusi lisilo na kifuniko, na wewe ulisema kweli."

"Sikutaka iwe kweli, mama." Mkwe sasa alikuwa analia waziwazi, kama mtoto, bila aibu. "Siku zote hizi nilikuwa namwomba Mungu wewe ndiye uwe mkweli, mimi niwe mwongo. Ningekubali uniite mwongo mpaka nizeeke. Ulipotoka leo na gauni lako nilisema, Mungu, mpe hizo skrubu."

Mama Pengo alianza kumwomba radhi.

"Usiseme, mama. Kaa hapo hapo. Nakuja."

Alimwomba daktari ampe mwanawe amshike. Daktari akasema utaratibu hauruhusu, akatazama mlango, akatazama mhudumu, na mhudumu akatazama dari. Kisha wakamletea sinia kwenye benchi la korido, wakamwekea mapajani, juu ya gauni la kijani, wakamfunika kitambaa. Alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi kuliko siku alipozaliwa, na siku ile mkunga alisema huyu mtoto hana kitu. Mama Pengo aliingiza mkono chini ya kitambaa, akautafuta upande wa kulia, akakiweka kiganja chake shavuni. Akabaki hivyo. Watu wa korido walipita wakashusha sauti bila kujua sababu.

Mkwe alifika viatu mkononi, miguu ina vumbi, kanga imemlegea. Hakuuliza chochote. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, akatazama kile kitambaa cheupe, jinsi kilivyopanda na kushuka juu ya mkono.

"Sogea kidogo, mama," akasema. "Na mimi nimshike."

Mama Pengo akasogea. Mkwe akaketi, akaweka viatu chini, akafuta viganja vyake kwenye kanga, kimoja, halafu cha pili. Ndipo mama alipolinyanyua sinia, polepole, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala, akamkabidhi mkwe mumewe.

Mkwe aliinama mpaka paji la uso likagusa kitambaa. Mama Pengo hakumwambia anyamaze. Alikaa pembeni yake, bega kwa bega, na mikono yake mitupu ikabaki wazi juu ya mapaja, haijui iende wapi.